Anayeomba Kura Anaomba na Jeshi

Majira ya uchaguzi yanapokaribia, miji ya Thika na Ruiru hujaa magari yenye vipaza sauti, na wagombea hupanda juu ya magari hayo wakaulizwa na raia mambo yanayowagusa kila siku: bei ya unga, karo ya shule, malipo ya kahawa, ajira ya vijana, maji ya bomba yanayokatika, na njia za mitaani ambazo mvua ikinyesha hazipitiki. Maswali hayo ni ya haki, na mtu asiyeyauliza hajui dhiki ya jirani zake. Walakini liko swali ambalo aghalabu halisikiki katika mikutano hiyo, ingawa uzito wake unayashinda mengi yanayosikika: huyu anayetaka kiti cha urais, siku ilipokuja habari ya kupeleka majeshi nje ya nchi, au ya kupatanisha majirani waliokuwa wakiuana, au ya kuchagua upande katika ugomvi wa mataifa, yeye alikuwa wapi, alisema nini, na alitenda nini? Uchaguzi mkuu ujao umewekwa tarehe 10 Agosti 2027, na raia mwenye nia ana wasaa wa kulitafutia swali hilo majibu yenye ithibati.

Mtu aweza kudhani kwamba vita na siasa za nje ni mambo ya mabalozi na maprofesa, yasiyomhusu mwenye duka wa Makongeni, Thika, wala mpangaji wa Kimbo, Ruiru. Lakini dhana hiyo haisimami mbele ya abiria anayepanda matatu Thika kwenda Nairobi akaangalia vema nje ya dirisha. Thika kwenyewe iko kambi ya jeshi, makao ya kikosi cha wahandisi, watu ambao kazi yao vitani ni kuwatangulia wenzao ili kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini, kufungua njia na kutandaza madaraja. Ruiru kuna chuo cha kuwafundishia askari wa magereza, na kuna kambi ya Recce, kikosi teule cha GSU, polisi wenye mafunzo ya kijeshi, kinachoitwa pale magaidi wanapoteka jengo na watu waliomo. Baada ya Ruiru inafuata kambi ya jeshi ya Kahawa, na karibu na kuingia mjini, huko Ruaraka, yako makao makuu ya GSU. Kabla ya kufika Ruaraka abiria amekwisha kuupita uwanja wa Kasarani, ambako mwezi Oktoba 2004 wabunge wa Somalia, wakiwa hawana mji mkuu wa kukutania kwa salama, walimchagua Abdullahi Yusuf awe rais wao. Askari wa kambi hizo wana wake na waume, wana watoto katika shule zetu, wana deni dukani na viti vyao kanisani na msikitini. Amri ya vita inapotiwa sahihi Nairobi, athari yake hufika kwetu jioni ile ile.

Barabara yenyewe, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua mwezi Novemba 2012, ilijengwa na kampuni za Kichina kwa fedha za serikali, za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za mkopo wa China, nayo kwa hakika ni siasa ya nje iliyomwagwa lami. Juu ya barabara hiyo hiyo, tarehe 4 Mei 2014, mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili yaliyojaa watu. Watatu wakafa na makumi wakajeruhiwa, na kwa siku nyingi baada ya hapo kila mwenye mkoba mkubwa alitazamwa kwa hofu na waliokaa karibu naye. Mananasi ya Thika nayo, na kahawa ya mashamba yanayoizunguka miji hii, huuzwa ng'ambo kwa masharti ambayo marais huyakubali au huyakataa. Mapatano ya biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, yaliyotiwa sahihi Nairobi mwezi Desemba 2023 na kuanza kazi mwezi Julai 2024, ni mfano mmoja tu.

Katiba ya mwaka 2010 imempa Rais cheo cha Amiri Jeshi Mkuu na uenyekiti wa Baraza la Usalama la Taifa, lakini haikumwachia vita viwe mali yake binafsi. Ibara ya 132 yasema kwamba atatangaza vita kwa idhini ya Bunge. Ibara ya 95 imelikabidhi Bunge la Taifa dhima ya kuidhinisha tangazo hilo. Na ibara ya 240 yasema kwamba Baraza la Usalama, kwa idhini ya Bunge, laweza kupeleka majeshi yetu nje kulinda amani, na laweza pia kukubali majeshi ya kigeni yawekwe ndani ya nchi, kama yalivyo yale ya Uingereza huko Nanyuki. Fauka ya hayo, ibara ile ya 132 yamtaka Rais apeleke kila mwaka mbele ya Bunge la Taifa taarifa ya jinsi Jamhuri ilivyotimiza wajibu wake wa kimataifa, ili ijadiliwe. Ni mara ngapi, msomaji, umewahi kuisikia taarifa hiyo ikitajwa katika mkutano wa kampeni? Waandishi wa Katiba walikusudia kwamba mtu mmoja asiwe na uwezo wa kuliingiza taifa zima vitani kwa ghadhabu ya usiku mmoja. Ila kusudio hilo hulindwa na watu waliochaguliwa, na watu hao tabia yao hujulikana kwa waliyoyatenda.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni vita vya Somalia. Mwezi Septemba 2011 majambazi walivamia hoteli ya Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, wakamwua mtalii wa Kiingereza na kumteka mkewe. Tarehe 1 Oktoba wakamnyakua kutoka kisiwa cha Manda mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa mlemavu, ambaye alifia mikononi mwao. Na tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Hispania, wakatekwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Siku mbili baadaye mawaziri George Saitoti, wa usalama wa ndani, na Yusuf Haji, wa ulinzi, walitangaza kwamba Kenya itawafuatia maadui hadi walikotoka, na tarehe 16 majeshi yakavuka mpaka katika operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa ya kueleweka, kwa kuwa hakuna dola inayoweza kukaa kimya ilhali wageni wake wanachukuliwa vitandani. Hata hivyo nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizofichuliwa na Wikileaks zilionyesha kwamba rai ya kuunda eneo la kinga katika Jubaland, kusini mwa Somalia, ilikuwa imezungumzwa na viongozi wa Kenya tangu kabla ya utekaji huo, na kwamba Wamarekani wenyewe waliitilia shaka. Anayempima kiongozi hana budi kuzishika sababu zote mbili, ile iliyosemwa mbele ya kamera na ile iliyosemwa faraghani, akaziweka upande kwa upande.

Majeshi yalivuka mpaka kwanza, na Bunge likaombwa baadaye. Mwezi Desemba 2011 wabunge waliidhinisha wanajeshi wetu wajiunge na AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaafiki mwezi Februari 2012. Na mwishoni mwa Septemba mwaka huo mji wa Kismayu, ambao bandari yake ilikuwa hazina ya al-Shabaab, wanamgambo tuliokuwa tukipigana nao, ukashambuliwa na kutwaliwa. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na haifai kuudunisha. Lakini Jenerali Julius Karangi, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, alikwisha kueleza tangu Oktoba 2011 kwamba operesheni haikuwekewa siku ya mwisho, na kwamba ingekoma Wakenya watakapojiona wako salama. Maneno hayo yalipita masikioni mwa taifa bila ya kuhojiwa sana, nami naona ndiyo yaliyostahili kuhojiwa kuliko yote, kwani vita visivyo na alama ya kuonyesha kwamba vimekwisha havimpi raia njia ya kumwuliza Amiri Jeshi kama ameshinda au ameshindwa.

Yaliyofuata tunayajua. Tarehe 21 Septemba 2013 jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilivamiwa, watu 67 wakauawa, na katika mvurugano wa siku hiyo kamanda wa Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe. Juni 2014 ikawa zamu ya mji wa Mpeketoni, huko Lamu. Tarehe 2 Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Na vijana wa Recce, ambao kambi yao iko Ruiru, walifikishwa huko baada ya saa nyingi kupita, wakaumaliza uvamizi kwa muda mfupi tu walipoingia. Mwenye dhambi ya kuua ni muuaji, na si insafu kumtwika rais damu iliyomwagwa na adui. Lakini kuwafikisha waokoaji kwa wakati ni kazi ya serikali yake, na kuiandaa nchi kwa kisasi ambacho adui alikitangaza waziwazi ni kazi ya serikali yake; mambo hayo mawili ni sehemu ya rekodi ya vita, sawa na kutwaliwa kwa Kismayu.

Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde, katika mkoa wa Gedo, ilivamiwa na kutekwa. Serikali ya Kenya haikutoa hesabu ya waliokufa. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alitaja watu kati ya 180 na 200, Nairobi ikaikana kauli hiyo bila ya kutoa idadi nyingine badala yake. Uchunguzi wa CNN miezi michache baadaye ulitaja wasiopungua 141. Jamaa wa marehemu wakaijua hesabu kwa kuhudhuria mazishi, kijiji kimoja baada ya kingine, majeneza yakirudi moja moja na mawili mawili, kila ukoo ukilia peke yake kana kwamba msiba haukuwa wa taifa. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa. Jeshi likasema limepoteza watu tisa, adui akadai makumi, na kwa sababu ya ukimya wa El Adde raia wengi hawakujua wamwamini nani. Mkulima wa kahawa wa Gatundu hapeleki mzigo wake kiwandani akarudi nyumbani kabla ya kuisoma mizani na kupewa risiti. Sisi tuliwatoa wana wetu na hatukupewa hata karatasi yenye majina.

Sijui kitendo kinachomdhihirisha mtawala kuliko hiki cha kutaja au kuficha hesabu ya wafu wake. Huambiwa kwamba idadi hufichwa ili adui asijue alivyoumiza, na hujja hiyo yaweza kukubalika kwa siku au kwa majuma, maadamu mapigano yanaendelea. Baada ya miezi na miaka haina tena wa kumficha, kwa kuwa adui alikuwako na aliziona maiti, na anayebaki gizani ni mama wa askari. Niliwahi kuzungumza habari hii na mzee mmoja wa Makongeni aliyestaafu jeshini, nikamwuliza: "Mzee, lau wewe ungepewa nafasi ya kumwuliza mgombea neno moja, ungeuliza lipi?" Akafikiri kidogo, kisha akanijibu: "Mwanangu, askari hachagui vita. Vita huchaguliwa na huyo mnayempigia vigelegele uwanjani. Mimi ningemwuliza hivi tu: nikifa, utanitaja kwa jina?"

Sasa na tuone jinsi vita hivyo vilivyopimwa katika sanduku la kura. Mwezi Machi 2013, miezi michache baada ya Kismayu, Wakenya walikuwa na wagombea wanane wa urais. Watatu kati yao walikuwa katika Baraza la Mawaziri siku majeshi yalipovuka mpaka: Raila Odinga akiwa Waziri Mkuu, na Uhuru Kenyatta na Musalia Mudavadi wakiwa manaibu wake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi wagombea walikutanishwa katika mijadala ya televisheni, mara mbili mwezi Februari. Na jambo la nje lililotawala kampeni ile lilikuwa kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ambamo Uhuru alikuwa mshtakiwa, hata Raila akasema kwamba serikali haiwezi kuendeshwa kwa Skype kutoka The Hague, na mwanadiplomasia wa Marekani, Johnnie Carson, akaonya kwamba uchaguzi una matokeo yake, onyo ambalo kwa maoni ya wengi lilimwongezea Uhuru kura badala ya kumpunguzia. Uhuru alishinda kwa asilimia 50.07. Lakini ni nani aliyewaweka wale watatu pamoja akawauliza: mlipoketi mezani Oktoba 2011, ni nani kati yenu aliyeuliza vita vitakwisha lini?

Mwaka 2014, baada ya Mpeketoni, Raila na muungano wake wa CORD walidai majeshi yarudishwe nyumbani, Uhuru akakataa. Marehemu Raila alishambuliwa kwamba amegeuka, kwa kuwa alikuwa kiongozi katika serikali iliyoanzisha vita hivyo na alikwenda mwenyewe Israeli mwezi Novemba 2011 kuomba msaada wa usalama. Mimi siioni aibu ya mtu kubadili rai pale mambo yanapobadilika; mwenye kung'ang'ania uamuzi kwa sababu tu ni wake ni wa kuogopwa zaidi. Ninachokitaka ni kwamba anayebadilika aeleze alichokijua mwanzo, alichokosa kukijua, na kilichomfungua macho, na anayebaki na msimamo wake naye aeleze ni ushindi gani anaoungojea. Ukisoma maneno ya pande zote mbili za mwaka ule utakuta lawama nyingi, na maelezo ya namna hiyo haba.

Wamarekani waliwahi kutupa mfano wa uchaguzi ulioamuliwa kwa sehemu kubwa na swali la namna hii. Mwezi Oktoba 2002 Baraza la Seneti la nchi hiyo lilimpa Rais George W. Bush idhini ya kuipiga Iraki, kwa kura 77 dhidi ya 23, na miongoni mwa waliokubali alikuwa Hillary Clinton. Mwezi huo huo mwanasiasa wa jimbo la Illinois ambaye wakati huo hakujulikana mbali, Barack Obama, alisimama Chicago akavipinga vita hivyo kabla havijaanza. Miaka sita baadaye walipoutafuta uteuzi wa chama kimoja, kura ile moja ilimfuata Clinton kila alikokwenda, na hotuba ile moja ikamfungulia Obama milango. Lakini asije mtu akadhani kwamba rekodi njema ni dhamana kamili: Obama huyo huyo, mwaka 2011, aliingia katika mashambulizi ya Libya bila ya kura ya idhini kutoka kwa Bunge lake. Rekodi humwonyesha mpiga kura namna mtu anavyofikiri akiwa na mengi ya kupoteza. Baada ya hapo mpiga kura bado ana wajibu wa kuendelea kuangalia.

Habari ya Haiti ni mpya zaidi, na mafunzo yake ni ya kisheria kuliko ya kijeshi. Mwezi Julai 2023 serikali ya Rais William Ruto ilijitolea kupeleka polisi elfu moja katika nchi hiyo iliyolemewa na magenge. Tarehe 2 Oktoba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha kikosi hicho, na tarehe 16 Novemba Bunge la Taifa likakubali. Ekuru Aukot, ambaye mwenyewe aliwahi kugombea urais mwaka 2017, alikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama la Taifa lina mamlaka ya kupeleka nje majeshi ya ulinzi, bali si polisi, na kwamba polisi hawawezi kwenda pasipo mapatano ya kubadilishana kati ya nchi mbili. Serikali ikatafuta mapatano hayo: Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, alikuja Nairobi, yakatiwa sahihi tarehe 1 Machi, na magenge yakamzuia asirudi kwao hata akajiuzulu. Kundi la kwanza la askari lilifika Haiti tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni, wengine wakauawa kwa risasi barabarani, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi hapa nyumbani.

Yapo ya kusifu katika jambo hili. Kuliendea taifa la watu weusi lililo katika dhiki, ambalo mataifa yenye nguvu na jirani zake yalikuwa yakisitasita kulisaidia kwa askari wao, si kitendo cha kudharauliwa, na askari waliokwenda walikwenda kwa moyo. Lakini mwenye kupima atauliza kwa nini ahadi ilitolewa kwa ulimwengu kabla ya sheria ya nyumbani kuulizwa, na kwa nini kikosi kilichokusudiwa kuwa cha watu 2,500 kilikaa muda wote bila ya kuifikia idadi hiyo wala zana zilizoahidiwa, hata askari wetu wa kwanza akauawa huko mwezi Februari 2025, na tarehe 30 Septemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaamua kukigeuza kuwa kikosi kikubwa cha namna nyingine. Tena atakumbuka kwamba siku moja tu baada ya kuapishwa, Septemba 2022, Rais Ruto alitangaza mtandaoni kwamba Kenya haiitambui tena Sahara Magharibi kuwa jamhuri, na wizara yake ikalazimika siku zilizofuata kuandika maneno ya kurekebisha. Katika mambo hayo mawili yaonekana tabia moja ya kutanguliza tangazo na kuchelewesha ushauri, na tabia ya namna hiyo ndiyo hasa inayotafutwa na anayesoma rekodi.

Vita peke yake havitoshi kumpimia mtu. Kenya imewahi kuwa na jina la kupatanisha, na jina hilo lina wenyewe. Jomo Kenyatta, ambaye nyumba yake ya Ichaweri haiko mbali na Thika, alipigana vita vya Shifta kaskazini-mashariki kwa ukali ulioacha majeraha mpaka leo, kisha mwezi Oktoba 1967, chini ya upatanishi wa Kenneth Kaunda, akakubaliana Arusha na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Egal, na bunduki zikanyamaza. Daniel arap Moi aliwakutanisha mahasimu wa Uganda, Tito Okello na Yoweri Museveni, Nairobi mwaka 1985, mapatano yakatiwa sahihi mwezi Desemba, na kabla ya mwisho wa Januari Museveni alikuwa ameitwaa Kampala kwa nguvu. Lakini ni katika zama za Moi pia ambapo Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliwaongoza Wasudani mpaka mapatano ya Machakos ya Julai 2002, yaliyozaa amani iliyotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, Kibaki akiwa rais, baada ya Kalonzo Musyoka kuihudumia kazi hiyo akiwa waziri wa mambo ya nje. Anayemsifu Moi kwa Sudani hana budi akumbuke Wagalla, Februari 1984, ambako vikosi vya serikali yake viliwaua raia wa Wajir; kwa maana mtu aweza kuwa mpole kwa jirani na mkatili kwa wa nyumbani.

Jina hilo la upatanishi ni mali, nayo yaweza kutumiwa ikaisha. Mwezi Februari 2025 wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudani, waliruhusiwa kukutana Nairobi na kutia sahihi hati ya kuunda serikali yao; Sudani ikamrudisha balozi wake kwao, na mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwa ya kwanza kuumia. Wakulima wa majani ya chai walio juu ya Thika, katika Gatundu na Gatanga, hawakuulizwa kama wanaitaka dhifa hiyo, ila soko lao liliingia katika gharama yake. Mgombea yeyote wa mwaka 2027, aliye madarakani au anayeyatafuta, anastahili kuulizwa kama angewafungulia mlango wanamgambo wale au angewafungia, na kwa sababu gani.

Huenda msomaji akauliza: je, mgombea kijana, asiyewahi kuwa waziri wala kuketi katika Baraza la Usalama, atapimwa kwa nini? Si haki kumnyima mtu kura kwa sababu hajapata nafasi ya kukosea. Lakini kila aliyeishi Kenya tangu 2011 akiwa na sauti mbele ya watu alikuwa na nafasi ya kusema juu ya El Adde, juu ya Haiti, juu ya wakimbizi wa Dadaab ambao serikali mara kadhaa ilitishia kuwafukuza. Na kama alikuwa mbunge, maneno yake yamo katika Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, ambayo huchapishwa ili isomwe na yeyote. Mwenye kunyamaza miaka yote hiyo naye amesema jambo. Atazamwe pia anazungukwa na washauri gani, maana rais asiyejua habari za nje atazijua kupitia kwa masikio ya wengine.

Wakati huu wote askari wetu wangali Somalia. AMISOM iligeuzwa kuwa ATMIS mwezi Aprili 2022, nayo ikawa AUSSOM mwezi Januari 2025, na jeshi hilo la tatu limeanza kazi likiwa na uhaba mkubwa wa fedha. Kwa hiyo huenda atakayeapishwa baada ya uchaguzi akalirithi lile neno la Jenerali Karangi la vita visivyo na siku ya mwisho. Siku ya kura, mpiga kura wa Thika Mjini, wa Ruiru au wa Juja atapewa karatasi sita. Ya gavana na ya mwakilishi wa wadi hazigusi jeshi. Ya rais inagusa. Na ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake na ya mbunge zinagusa vilevile, kwa kuwa wote watatu huketi katika Bunge ambalo Katiba imelipa uwezo wa kukubali au kukataa majeshi kupelekwa nje. Wanaozitafuta karatasi hizo tatu hupita mitaani kwetu mara nyingi kuliko mgombea urais, nao huwa tayari kusimama na kujibu.